Fundi Anajibu: Bomba Linapojifunga Lenyewe

Mwezi huu barua zimekuja kwa fujo, ila nne kati yake ni kama ndugu wa tumbo moja. Zote zinauliza habari ya kuunga bomba na bati bila kuchomelea. Nimeziweka pamoja. Yule bwana wa pampu ya kisima anisubiri toleo lijalo, sijamsahau.

Shikamoo fundi. Nina karakana ndogo Mbagala, natengeneza matoroli ya wauza juisi. Wateja siku hizi wanataka alumini kwa sababu chuma kinaliwa na chumvi, na toroli jepesi halimchoshi mtu. Bomba ninalotumia ni la milimita 25, ukuta wake milimita 1.5, na bati ni la milimita 1.5 pia. Mchomeleaji wa alumini ananitajia bei ya kuvunja moyo. Nikijaribu mwenyewe bati linatoboka, na umeme wetu unaujua. Kuna njia ya kuunga bomba na bati bila moto, na ikashika kweli?
*Msomaji, Mbagala Rangi Tatu*

Marahaba kijana wangu. Kwanza usijilaumu sana kwa hayo matundu. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 tu, lakini ngozi yake ya juu, ile oksaidi nyembamba usiyoiona, haiyeyuki mpaka upite nyuzi 2,000. Wewe unasubiri juu pafunguke, kumbe chini kumeshakuwa uji. Tena alumini haikuonyi. Chuma kikipata moto kinaiva, kinakuwa chekundu, unajua ulipofika. Alumini inanyamaza na rangi yake ileile, halafu inadondoka mguuni.

Na ukisema urudi kwenye bati la zinki, huko nako kuna lake. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907, wakati chuma chenyewe kinataka kama 1,500 ndipo kiyeyuke. Maana yake kabla chuma hakijaungana, zinki yote imeshageuka moshi mweupe na wewe umeshauvuta. Ile homa ya usiku, baridi na mwili kuuma, ndiyo hiyo. Mafundi wetu wanakunywa maziwa wakidhani ni dawa. Maziwa yanashuka tumboni, moshi uliingia kifuani.

Sasa jibu lako. Njia ipo, na ni ya kulifanya bomba lenyewe liwe ribiti, yaani kile kijimsumari cha kubana mabati pamoja.

Tafuta fundi wa kukereza akutengenezee kalibu mbili, yaani vishikio vya chuma vyenye tundu la milimita 25.2, bomba liingie bila kuchezacheza. Kalibu moja inashika bomba chini, nyingine inashika juu, na katikati unaacha kipande cha bomba kiko wazi. Ndani ya bomba unaingiza mchi, yaani chuma cha duara kilichokerezwa kikaribie kujaza bomba, ili ukuta usije ukabonyea ndani. Kisha unakandamiza kwa jeki. Ule ukuta ulio wazi unabanwa juu na chini, ndani kuna mchi, hauna pa kukimbilia ila nje. Unavimba, unakunjika, unajilalia. Bomba limevaa kola iliyotoka kwenye ukuta wake lenyewe.

Urefu wa kile kipande cha wazi ndio kazi yote. Kwa bomba lako mimi huacha milimita 11. Ukiacha 5, ukuta haukunjiki, unanenepa tu kama mguu uliovimba. Ukiacha 20, unapinda upande mmoja au unatoa mikunjo miwili isiyo na adabu. Kwa 11, kalibu zikisogeleana milimita 8 kola imefunga. Utapima unene wa milimita 3, yaani kuta mbili zilizolaliana, na itakuwa imetokeza kama milimita 4 kuzunguka bomba. Bomba likiwa nene zaidi au pana zaidi, ongeza nafasi. Kata vipande vitano vya majaribio kabla hujagusa toroli la mtu.

Kola ya kwanza ni kiti. Bati lenye tundu linashushwa juu yake, halafu unaweka kalibu ya juu tena, unaacha milimita 11 nyingine kuanzia usoni pa bati, unakandamiza. Kola ya pili inashuka mpaka inalibana bati. Hakuna moshi, hakuna gesi, hakuna rodi.

Usiogope nguvu inayotakiwa. Ukuta wa bomba lako ukikatwa na kutazamwa kwa mbele una kama milimita za mraba 110. Chuma laini huanza kukubali kwenye nyutoni 250 hivi kwa kila milimita ya mraba, na kadiri kinavyokunjwa kinazidi kugoma, kwa hiyo kwa bomba la chuma tegemea tani 4 na nusu. Alumini ya madirisha inataka pungufu ya hapo. Jeki ya chupa ya tani 10, hiyohiyo ya malori, ukiisimamisha ndani ya fremu ya chaneli, inatosha na inabaki.

Kitu kimoja nikwambie kwa aibu. Mwaka 1994, nikiwa bado kwa mwalimu wangu Gerezani, ule mtaa wa mafundi hapa Dar es Salaam, nilitengeneza kalibu nzuri, nzima, zilizong'arishwa. Nikatoa kola upande huu wa bomba, nikatoa na upande ule. Jioni mwalimu akaniuliza, "Hiyo kalibu utaitoaje?" Ilikuwa katikati ya kola mbili, imevaliwa kama pete kwenye kidole chenye kifundo. Nilikata kalibu yangu mwenyewe kwa msumeno wa mkono mpaka saa mbili usiku, na hakuna aliyenisaidia maana wote walikuwa wanacheka. Tangu siku hiyo kalibu zangu ni za vipande viwili vinavyofungwa kwa boliti. Zako pia ziwe hivyo.

Kama bomba linaishia palepale kwenye bati, unaweza badala ya kola ya pili kutanua mdomo: koni ya nyuzi 45 kwanza, halafu kilalishio bapa. Ni rahisi zaidi, ila hapo ukuta unavutwa, haubanwi. Mdomo ukitoka milimita 25 kufika 33 umevutwa asilimia 32, na alumini ngumu ya madirisha mara nyingi hupasuka kabla haijafika nusu ya safari hiyo. Bomba la chuma lenye mshono hupasukia kwenye mshono. Vyovyote iwavyo, piga tupa ukingo mpaka uwe laini, kwa sababu ufa huanzia kwenye kikwaruzo kilichoachwa na msumeno.

Dawa ya ugumu wa alumini ni sabuni ya mche. Naam, ile ya kufulia. Paka sabuni kwenye ncha ya bomba, pasha taratibu kwa moto wa gesi ukizungusha, na sabuni ikigeuka nyeusi toa moto papo hapo. Ncha imelainika, acha ipoe, fanya kazi. Najua uliomba bila moto kabisa, lakini huu ni moto wa kukaanga kitunguu. Pasha ncha tu. Ukipasha bomba zima umelifanya toroli lako la ubua.

Mambo mawili yatakayokuletea mteja mlangoni akiwa amekasirika. La kwanza, bomba la duara ndani ya tundu la duara linaweza kuzunguka. Kola zinazuia lisichomoke, hazizuii sana lisigeuke. Mpini wa toroli unasukumwa na kuvutwa siku nzima, kwa hiyo piga tupa mapengo madogo matatu au manne kwenye ukingo wa tundu la bati kabla ya kufunga. Bomba likibanwa litatuna kiasi na kuingia humo kama meno. La pili, usichanganye bomba la chuma na bati la alumini kienyeji, hasa kwa mji wetu wenye upepo wa bahari. Zikigusana na maji ya chumvi yakipita katikati, alumini inaliwa. Paka rangi au weka washa ya mpira katikati. Kuchanganya kwenyewe kunakubalika, tena ndiyo raha ya njia hii: unaweza kufunga bomba la alumini kwenye bati la chuma, kwenye plaiwudi, hata kwenye plastiki ngumu, vitu ambavyo hakuna mchomeleaji atakayekuunganishia.

Wateja wakikwambia kazi isiyochomelewa si kazi, waonyeshe ngazi ya alumini. Nyingi zake, kila kidaraja kimepitishwa kwenye nguzo na kutanuliwa pande mbili, na watu wazima wanapanda juu ya paa wakitegemea hiyo. Hata Ford, walipotoa pikapu ya F-150 ya mwaka 2015 yenye bodi ya alumini, mabati yake waliyashika kwa ribiti zinazojitoboa njia zenyewe na kwa gundi.

Ila tenki la maji usilifunge hivi ukategemea lisivuje. Litavuja.

Fundi, hujambo. Nina kabati la chipsi Tabata, fremu ni chuma na mabati ya pembeni ni alumini. Kila baada ya miezi miwili ribiti zinalegea, bati linaanza kugonga kama ngoma, na kwenye vichwa vya ribiti kunatoka machozi ya kutu. Fundi wangu anaongeza ribiti nyingine pembeni ya ile ya zamani. Sasa bati limekuwa chujio.
*Mama Chipsi, Tabata*

Sijambo mama, pole na kazi. Fundi wako anatibu homa kwa kubadilisha shuka.

Kabati lako linapata moto kila jioni na kupoa kila usiku. Alumini ikipata joto inatanuka karibu mara mbili ya chuma. Chukua ubavu wa mita 1. Ukipanda nyuzi 60 juu ya joto la kawaida, alumini inarefuka milimita 1.4, na fremu ya chuma inarefuka milimita 0.7. Hiyo tofauti ya milimita 0.7 lazima iende mahali, na inaishia kwenye ribiti. Kila siku inasukuma kwenda, inavuta kurudi, tundu linakuwa yai. Kuongeza ribiti ni kuongeza vitu vya kulegea.

Mwambie hivi. Ubavu mmoja wa bati ushikwe imara, ule mwingine matundu yake yawe marefu kidogo kwa upande wa urefu, kama tundu la kifungo, na ribiti ya hapo iwe na washa. Bati litateleza bila kuumiza mtu. Ribiti ya milimita 4 itobolewe tundu la 4.1. Nimeona vijana wanatoboa kwa keekee ya 5 kwa sababu ile ya 4 imekatika, halafu wanashangaa. Tundu likae mbali na ukingo wa bati angalau milimita 8, yaani unene wa ribiti mara mbili, la sivyo ukingo utachanika.

Machozi ya kutu yanatoka kwenye ule msumari wa chuma unaobaki katikati ya ribiti ya alumini baada ya kuvutwa. Zipo ribiti ambazo msumari wake nao ni alumini, au ambazo zote ni chuma kisichopata kutu. Bei iko juu kidogo. Kwa kitu kinachokaa barabarani na mvuke wa mafuta, nunua.

Lakini mimi ningekuwa fundi wako, ribiti ningezipunguza. Ningekunja. Nenda Gerezani kaangalie wanavyotengeneza masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni. Kingo mbili zinakunjwa kama vidole vilivyoshikana, zinalazwa kwa nyundo ya mbao, na ukingo wa juu unazungushiwa waya ndani ya bati ili usimkate mtoto. Sanduku linatupwa juu ya basi kwenda Songea, linarudi likizo limebonyea kila upande, ila pindo halijafunguka. Mabati mawili yaliyokunjana namna hiyo yanabebana kwa urefu wote, hayabebani kwa nukta kumi na mbili. Na kwa joto lako la chipsi, pindo linaachia kusogea kidogo bila kulegea. Alumini ya milimita 1 na chini ya hapo inakubali kukunjwa hivyo, mradi ni laini na usikunje kona kali kama ya karatasi.

Mwalimu wa safu hii, mimi ni mwanafunzi wa ufundi mitambo, Chang'ombe. Tumefundishwa kwamba mirija ya boila hufungwa kwenye sahani, lile bamba nene lenye matundu, kwa kupanuliwa ndani ya tundu, bila kuchomelea. Pia tumefundishwa kwamba chuma ukikisukuma halafu ukakiachia kinarudi kidogo. Sasa kama mrija unarudi, si unaachana na tundu? Kinachoushika ni nini?
*Mwanafunzi, mwaka wa pili*

Swali zuri kuliko yote mwezi huu, na nakuomba ulirudie mbele ya darasa.

Ni kweli mrija unarudi. Lakini sahani nayo inarudi. Wewe umefikiria mmoja tu. Ukiingiza kile chombo chenye magurudumu matatu na mchi mwembamba mbele mnene nyuma, kinavyozunguka kinausukuma mrija nje. Mrija unapita kiwango chake, umebadilika moja kwa moja, hauna tena hamu kubwa ya kurudi. Unaendelea kusukuma, sasa sahani inasukumwa pia, lakini kwa sababu ni nene na imara inapanuka kama mpira tu, haijabadilika. Unatoa chombo. Mrija unataka kurudi kidogo, sahani inataka kurudi zaidi, na mrija uko njiani. Unabanwa mpaka kesho.

Ndiyo maana sahani inatakiwa iwe ngumu kuliko mrija. Ukigeuza, mrija mgumu kwenye sahani laini, mrija ndio utakaorudi zaidi na utaona mwanga katikati. Alumini inahitaji uangalifu wa ziada, kwa sababu kwa mzigo uleule juu ya kila milimita hurudi karibu mara tatu ya chuma. Mrija wa alumini ngumu kwenye sahani ya chuma utakusumbua, ila ukiulainisha kwanza, unakaa.

Hesabu yake ni fupi. Mrija wa nje milimita 25, ndani 22, tundu la sahani 25.4. Kuna uwazi wa 0.4 ambao lazima uzibwe kabla kazi haijaanza. Halafu ukuta unatakiwa upungue unene kwa asilimia 5 hadi 8 kwa chuma laini. Chukua 6. Kuta mbili ni milimita 3, asilimia 6 yake ni 0.18. Kwa hiyo ndani utapanua mpaka 22 na 0.4 na 0.18, yaani 22.58. Unapima ndani, unasimama hapo.

Wengi hukosea hapo pa kusimama. Niliwahi kuitwa kwenye kiwanda kimoja hapa mjini, sitakitaja, boila inavuja kwenye mirija sita. Fundi wa zamu kila akiona tone alikuwa anarudisha chombo na kukaza. Tone likarudi, akakaza. Alikuwa ameshaisukuma na sahani yenyewe ikapita kiwango chake, matundu yamekuwa makubwa moja kwa moja, na ile hamu ya sahani kurudi ndiyo iliyokuwa inashika mrija. Akiendelea kukaza anaua alichokuwa anakitafuta. Tulitoa mirija yote sita na kuanza upya na mirija minene zaidi nchani.

Kwa muundo mwepesi kama fremu ya kiti cha magurudumu, kanuni ni hiyohiyo, ila bati jembamba halina nguvu ya kurudi kama sahani ya boila. Ndiyo sababu huyu ndugu wa Mbagala hapo juu nimempa kola mbili, sikumwambia apanue tu. Kwenye bati la milimita 1.5 unashika kwa umbo, si kwa kubana peke yake.

Fundi, toleo la mwezi uliopita ulidai kwamba kopo la soda halina mchomeleo wala gundi ya kushika kifuniko. Tumebishana kijiweni Temeke mpaka chai imepoa. Kile kikopokopo cha kuvutia je, nacho hakijachomelewa? Mimi nimeweka dau, usiniangushe.
*Mbishi wa Temeke*

Dau lako limekaa vizuri ikiwa ulikuwa upande wangu, maana barua hujasema.

Kifuniko cha kopo na mwili wake vinakunjwa pamoja mara mbili pembeni kabisa, ukingo wa kifuniko unaingia chini ya ukingo wa mwili, halafu gurudumu la mashine linaubana mkunjo huo ulale. Katikati ya mkunjo kuna utando mwembamba wa kuziba, kama mpira, kazi yake kuzuia gesi isitoke. Haushiki kifuniko, kwa hiyo wa gundi wasijitafutie pointi.

Na kile cha kuvutia, hapo ndipo patamu. Kimeshikwa kwa ribiti, lakini ribiti hiyo haikuletwa kutoka popote. Bati la kifuniko lenyewe limesukumwa juu likawa kichuguu, kikashikizwa na kuinuliwa, kivutio kikavalishwa juu yake kupitia tundu lake, halafu kichwa cha kichuguu kikabondwa bapa. Bati moja bila tundu hata moja, vinginevyo gesi ingetoka. Ni kazi ya kola yetu ya Mbagala, ila kwa ukubwa wa punje ya mchele, na mashine zinaifanya mfululizo.

Ukitaka kuwanyamazisha, chukua msumeno wa chuma wenye meno madogo, kata kopo tupu kwa urefu kupitia pale kwenye kivutio, piga msasa ukingo uliokatwa, halafu waazime miwani ya kusomea. Mkunjo utaonekana kama herufi zilizoshikana mikono. Osha kopo kwanza, sisimizi wa Temeke wana haraka, na vaa glovu.